Nani Iko na Shida

Kila asubuhi, kabla hatujapanda pikapu za kutupeleka kwenye malindo, kampuni yetu ya ulinzi hutupanga mistari uani na kutuuliza swali moja. Anayeuliza ni afande wetu, mwanajeshi mstaafu mwenye mabega mapana na viatu vinavyong'aa kuliko uso wake. Anaita "Mguu sawa!" tunakakamaa. Anatazama kofia, anatazama kucha, anamgombeza asiyenyoa ndevu. Halafu anasimama katikati na kupaza sauti: "Nani iko na shida?"

Na sisi sote, kwa pumzi moja: "Hakuna, afande!"

Hivyo ndivyo nilivyoikuta nilipoajiriwa. Mwenye malaria alijibu hakuna. Aliyefiwa na mama yake jana alijibu hakuna, akangoja paredi iishe ndipo amfuate afande pembeni kuomba ruhusa ya mazishi. Swali lile halikuwa swali, lilikuwa kama Amina mwisho wa sala, na nani anabishana na Amina? Mimi nilijibu kwa nguvu kuwashinda wanaume, maana sauti ninayo, nimeirithi.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari, Mlugbara na Mwislamu. Mama alikuwa Mteso, Mkatoliki wa rozari mkononi. Kwetu Idi tulikula na Krismasi tulikula, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, nyumba nzima iliongea Kiswahili cha kambi. Hapa Kampala mwanamke akiongea Kiswahili sokoni watu hushika mikoba yao, kwao ni lugha ya askari na wezi. Wacha washike! Lugha hiyo ndiyo iliyonilisha. Baba hakutuachia shamba wala nyumba, alituachia neno moja tu: lindo haliachwi. Alilisema hata tulipokuwa watoto tukiangalia chungu cha maharage jikoni. Ukienda kucheza maharage yakaungua, hukuchapwa kwa ajili ya maharage, ulichapwa kwa kuacha lindo.

Lindo langu ni lango la hosteli ya wasichana Wandegeya, kwenye uchochoro wa maduka ya kuchapa na kutoa kopi. Nisijifiche nyuma ya adabu: hakuna alijuaye lango lile kama mimi. Namjua mzazi wa kweli na namjua "mjomba" wa uongo. Jioni moja alinijia shangazi mnene ndani ya gomesi la kijani, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda, mkanda umekazwa kama wa gunia la mkaa, kichwa kimefunikwa kwa kitambaa mpaka kidevuni, ati amemletea mpwa wake matooke, ndizi za kupika. Nikamkaribisha mkekani apumzike kwanza. Lo! Akakaa kama mwanamume anayetazama mpira, goti moja huku na jingine kule. Nilimkimbiza mpaka barabara kubwa, gomesi mkononi, ndevu nje, na matooke yake wasichana wakayapika usiku huo.

Basi kwenye lango hilohilo ndipo tumbo langu lilipoanza kuniasi.

Lilianza kwa kuhara. Nani Kampala hajawahi kuhara? Nikameza dawa za minyoo, nikameza za amiba. Kliniki moja ikasema taifodi, nyingine ikasema ni chai ya asubuhi bila kitu. Halafu ikaja damu. Nilikonda mpaka sketi ya sare ikawa inanizunguka kiunoni, na majirani zangu wa Kalerwe wakaanza kunong'ona: silimu, yule ana silimu. Mmoja aliniletea maombi, mwingine akaniletea mzizi wa kuchemsha, mchungu wa kukutoa roho. Nikaenda kupima UKIMWI, sina, nikatamani kulibandika lile jibu mlangoni kwangu wasome wote.

Mwishowe daktari wa hospitali kubwa, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, aliingiza kamera akaona. Akaniambia utumbo wangu mpana una vidonda kuanzia chini kwenda juu, havikuletwa na mchawi wala chakula. Ni kinga ya mwili wangu mwenyewe inayoushambulia utumbo.

"Yaani nina askari ndani anayempiga mwenye nyumba?" nikauliza.

Akacheka, akasema ndivyo. Akasema ugonjwa huu hauondoki, ila hulala. Ukilala, wewe ni mzima kama wengine. Ukiamka, ni moto. Kazi yako ni kumeza dawa kila siku ili ugonjwa usinzie, na ukianza kuamka, uje mapema.

Haya, kumkamata mtu mapema ndiyo kazi yangu. Nikaanza kuupeleleza ugonjwa ule kama nilivyompeleleza yule shangazi. Nikagundua kwamba damu haiji bila kupiga hodi. Kwanza magoti yanauma kama nimepanda mlima. Kisha vinakuja vidonda vidogo mdomoni, chai inachoma. Kisha uchovu, ule wa kukufanya ukae kitandani na soksi moja mguuni ukisahau nyingine. Nikiona hayo nabadilisha chakula siku hiyohiyo: Kalerwe nanunua matooke laini, malenge, ndizi za bogoya, wali nauchemsha mpaka unalegea. Maharage kwaheri. Kikomando kwaheri pia, ile chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage ambayo ndiyo chakula cha askari wote wa mji huu. Wenzangu wakanitania kwamba nimekuwa mzungu, nakula chakula cha mtoto asiye na meno. Niliwajibu kwamba meno ninayo, na wanaotaka kuyaona wasogee.

Sikuwaambia kwa nini. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro katika ujanja wangu wote.

Choo cha mlinzi kiko nyuma ya hosteli, ng'ambo ya matangi ya maji. Kwenda huko ni kuliacha lango peke yake. Na kampuni ilikuwa na sheria moja isiyosamehe: ukikutwa hupo langoni, siku hiyo unavua sare. Mwenzetu mmoja alivuka barabara kununua chapati, barabara tu, pikipiki ya afande ikapita. Kesho yake alikuja uani na nguo za nyumbani, sare ameikunja mkononi, na hakuna aliyethubutu kumsalimia.

Kwa hiyo nilifanya hesabu ya kijinga: kisichoingia hakitoki. Nikawa sili chochote mpaka zamu iishe. Ugonjwa ukilala, hesabu hiyo ilijibu. Ukiamka, haikujibu kabisa, maana damu haingoji ule kwanza.

Uliamka kweli wakati wa vyuo kufunguliwa. Wandegeya nzima ilikuwa magodoro vichwani, masanduku, mabeseni, wazazi wakigombana na wenye teksi. Magoti yaliniambia. Mdomo uliniambia. Damu ikaja, na tumbo likawa linaniita kwa nguvu kila baada ya muda mfupi, ule mwito ambao ukichelewa umeaibika. Nilipaswa kwenda kwa daktari. Lakini nani angesimama langoni wiki ile? Nikaingia famasi ya jirani nikanunua vidonge vya kufunga tumbo. Daktari alikuwa amenikataza kwa kidole: moto ukiwa ndani, usije ukafunga mlango. Nikafunga.

Tumbo likanyamaza. Nikajipongeza, mwanamke wa shoka! Kisha likaanza kuvimba. Likawa gumu kama ngoma, joto likanipanda, jasho likanitoka nikiwa kivulini. Jengo la jirani, lile la maduka ya kuchapa, linalindwa na mzee wa Kinubi kutoka Bombo, wa kampuni yetu hiyohiyo, mjukuu wa wale wanajeshi walioletwa zamani kutoka Sudani. Alikuwa akinitazama tangu asubuhi. Akanisogelea kwenye uzio.

"Binti, nenda hospitali."

"Lindo haliachwi, mzee."

"Na wewe utabaki?"

Nilishika nguzo ya lango mpaka mlinzi wa jioni alipofika. Nikamkabidhi funguo, nikamkabidhi rungu, nikamwonyesha kufuli linalokwama. Nikapiga saluti. Mzee naye alikuwa amepokewa zamu, akanipakia kwenye bodaboda na kukaa nyuma yangu akinishika mabega mpaka hospitali. Njia nzima alikuwa akimtukana dereva kwa Kinubi kila tulipoingia shimoni.

Nililazwa. Dripu mkononi, mirija, dawa za nguvu. Daktari wangu alipokuja alikuwa amekasirika wazi.

"Ungechelewa, utumbo ungepasuka. Kazini wanajua unaumwa nini?"

"Hawajui."

"Kwa nini?"

Nikamweleza juu ya lango na sheria yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu imesimama.

"Basi sikiliza na mimi," akasema. "Ukirudi ukabana hivihivi, safari ijayo tutaukata huo utumbo. Waambie wakupe nafasi ya kwenda choo, au tafuta kazi nyingine."

Akaondoka. Nikabaki nikitazama dari ya wodi, na hali yangu ilikuwa wazi kama mchana. Nikisema, huenda nikavuliwa sare. Nisiposema, nitapoteza utumbo, na lango nitalipoteza vilevile. Mama alizoea kusema mficha maradhi kifo humwumbua, nasi tulimcheka kwa kuwa alilisema hata kwa mafua. Sikucheka siku ile. Niliogopa, haki ya Mungu. Kumwambia mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa kwamba natoka damu kwa huko nyuma! Bora kupambana na mashangazi kumi wa gomesi.

Nikamkumbuka baba akirudi nyumbani asubuhi kutoka zamu, kofia kwapani, akiomba maji ya kuoga. Nikajiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza: kama lindo haliachwi, baba alifikaje nyumbani? Alifika kwa sababu kulikuwa na mwenzake aliyepokea. Kambini kila mtu alijua hivyo, ndiyo maana baba hakuona haja ya kutuambia watoto. Sisi tulibeba nusu ya neno lake miaka yote.

Siku ya kurudi kazini nilipiga pasi sare mpaka mikunjo ikawa inakata. Uso ulikuwa umejaa kwa dawa, mviringo, wenzangu wakasema nimenenepa. Nikasimama mstari wa pili. Kofia zikatazamwa, kucha zikatazamwa. Afande akasimama katikati.

"Nani iko na shida?"

"Hakuna, afande!"

Wakanyamaza, na ndani ya ule ukimya nikaisikia sauti yangu mwenyewe: "Iko, afande. Mimi iko."

Hakuna aliyegeuza kichwa, kwenye paredi hakigeuzwi, lakini niliona shingo zikikaza. Afande alinitazama kama mtu aliyejibiwa na ukuta.

"Kuja mbele."

Nikaenda, nikapiga mguu chini vumbi likaruka.

"Shida gani?"

Ningeweza kunong'ona. Lakini mimi kunong'ona sikufundishwa. Nikalitoa lote kwa sauti ya paredi. "Utumbo, afande! Utumbo wangu una vidonda. Hauambukizi. Nameza dawa kila siku. Vidonda vikiamka natoka damu, na lazima niende choo papo hapo. Nikibana, nakufa. Karibu nife wiki zilizopita, langoni, nikiwa nimesimama!"

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Nikageuka, paredi au si paredi.

"Wewe unayecheka, kwani wewe huendi? Wewe ni malaika?"

"Mbele tazama!" afande akafoka. Nikatazama mbele. Akanisogelea mpaka nikanusa rangi ya viatu. "Lindo haliachwi," akasema polepole. "Unajua hiyo?"

"Haliachwi, afande. Linakabidhiwa. Jirani yangu yuko hatua chache. Nipe filimbi. Nikipuliza, aje asimame langoni, kutoka hapo mlango wake anauona, nimkabidhi, niende, nirudi, anikabidhi. Na yeye akitaka kwenda kuswali Ijumaa, apulize yake. Malango yote mawili yana mtu."

Akazitazama tena kucha zangu. Nilikuwa nikisikia bodaboda zikipita nje. Nilijua kwamba neno lake linalofuata ndilo lango langu, lipo au halipo.

"Rudi mstari," akasema.

Kwenye pikapu hakuna aliyekaa karibu nami. Nilisimama langoni nikidhani ni siku yangu ya mwisho, nikawa naitikia salamu za wasichana kwa upole mpaka wakashangaa. Mchana kidogo pikipiki ikaja. Afande akashuka, akatoa filimbi mbili mfukoni, moja akampa mzee kule ng'ambo ya uzio, moja akanitupia mimi.

"Puliza."

Nikapuliza. Mzee akaja kwa mwendo wake wa madaha, akasimama, tukapigiana saluti. Nikasema, "Lango salama, naliacha mikononi mwako." Akajibu, "Nimelipokea salama." Nikaenda hadi kwenye matangi, nikarudi, nikalipokea. Afande alikuwa akitazama huku na huku, lango hili na jengo lile, kama anayenunua ng'ombe. Akapanda pikipiki yake.

"Sawa," akasema.

Sikulia mpaka alipopinda kona.

Tangu hapo nimeumwa tena, nisidanganye. Ugonjwa ule haujui kwamba nimeshinda. Lakini umeniamkia nikiwa macho. Siku moja uliniita katikati ya umati, wazazi wamepanga foleni, mwenye hosteli mwenyewe amesimama na miwani yake ya dhahabu. Nikapuliza filimbi. Mzee akaja, saluti, maneno yetu, na mimi nikaukata ule uwanja kwa mwendo wa paredi, kidevu juu, nikielekea chooni. Mwenye hosteli aliuliza kuna nini. Nilipokuwa narudi nikamsikia msichana mmoja akimweleza, bila hata kushusha sauti, "Anti anabadilishana zamu, ndio utaratibu wetu." Utaratibu wetu! Nilitembea hatua zilizobaki kama niliyevishwa nishani.

Na mzee akawa ananiletea uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Nilipomwambia sijaomba, alinijibu, "Mgonjwa haulizwi uji," akamimina. Wasichana walimpenda. Waliniambia ana adabu kupita kiasi, kila anayeingia kwake ni "Karibu, mama," hata yule mleta gesi wa kanzu, mwenye ndevu mpaka kifuani. Nilicheka tu. Mimi, mjuzi wa nyuso zote za Wandegeya, nilicheka nikanywa uji.

Halafu ikaja asubuhi moja ya ukungu, kofia zimetazamwa, kucha zimetazamwa.

"Nani iko na shida?"

"Hakuna, afande!" tukajibu, maana mazoea yana taabu. Na mwangwi ulipokufa, mstari wa nyuma, sauti ya kikongwe iliyokauka: "Iko, afande. Mimi iko."

Alikuwa ni mzee wangu wa uji. Alikuja mbele kwa madaha yaleyale, na safari hii niliona jinsi alivyokuwa akitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu.

"Shida gani, mzee?"

"Macho, afande. Yameingia wingu. Naona nguo, sioni mtu."

Yesu Maria! Miezi yote ile nilikuwa nikipiga saluti na kulikabidhi lango langu, mimi niliyemtambua shangazi kwa magoti, kwa mtu asiyeona uso wa mleta gesi! Nilitaka kumrukia nimkung'ute. Nilitaka kumkumbatia. Nilibaki nimekakamaa mstarini, meno yamebanana, machozi yananishuka mpaka kwenye kola niliyoipiga pasi.

Afande akauliza kwa sauti ya kawaida, ambayo hatukuwahi kuisikia, "Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

Mzee akageuza uso upande wangu. Hakuniona, lakini alijua nilipo.

"Nilikuwa nangoja kwanza nione mtamfanya nini yeye."

Afande akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Akatupitia mstari kwa mstari.

"Nani mwingine?" akauliza.

Mbele yangu, polepole, dada mmoja akainua mkono.